Pima Kwanza, Ulipe Baadaye: Springi za Klachi katika Pikipiki ya Miaka Mingi

(Maandishi ya mazungumzo na waendesha bodaboda, wamiliki wa pikipiki, mafundi na wauzaji wa vipuri)



Nitazungumza juu ya kitu kidogo sana. Ndani ya klachi ya pikipiki mna springi chache, aghalabu nne, na kila moja haizidi urefu wa kidole gumba. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya seti ya pleti, seuze gharama ya kufungua injini nzima. Lakini kwa sababu haionekani kwa nje, mwenye pikipiki huweza kulipia kila kitu kilichoizunguka na kuiacha yenyewe palepale.

Jambo hilo nililiona nyumbani kwetu kabla sijaajiriwa katika kazi hii ya udhibiti. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Lushoto. Alikuwa na Honda CG125 aliyoinunua kwa mtu, ikiwa imekwisha kutembea miaka mingi. Siku moja alikuwa akipandisha kutoka Mombo, amempakia mama. Kabla hawajafika Soni injini ikaanza kunguruma kwa nguvu ilhali pikipiki yenyewe inakwenda kwa kusuasua. Harufu ya kuungua ikatoka chini. Mama akashuka, na sehemu iliyobaki ya mlima wakaitembea kwa miguu, baba akisukuma.

Fundi wa kwanza alisikiliza mngurumo, akasema, “Mwalimu, klachi yote imekwisha.” Hakupima kitu. Baba akalipia pleti mpya na ufundi, na pikipiki ikafungwa. Baada ya wiki chache ugonjwa uleule ukarudi mlimani palepale. Ndipo akaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza pikipiki pale Mombo. Mzee yule aliitoa springi moja ya zamani, akaisimamisha juu ya kipande cha kioo kando ya springi mpya. Hata mimi, niliyekuwa mtoto, niliona kuwa ile ya zamani ilikuwa fupi. Mzee akasema, “Mwalimu, umenunua suruali mpya, ukaifunga kwa mkanda uleule uliolegea.”

Pleti zile mpya zilikuwa zimekwisha kuungua. Baba akanunua pleti mara ya pili, safari hii pamoja na springi. Ada yangu ya muhula ule ilichelewa. Kwa mwendesha bodaboda, kosa kama hilo maana yake ni siku mbili au tatu bila kazi, na mwenye pikipiki bado anaingojea hesabu yake ya siku. Kwa sababu hiyo ninawaomba leo jambo moja tu: kipimo kitangulie malipo.

Klachi inavyofanya kazi

Katika pikipiki nyingi ndogo tunazozitumia, klachi iko upande wa kulia wa injini, nyuma ya kifuniko kikubwa, nayo huoga katika oili ileile inayolainisha injini. Ndani yake mna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana: zenye utando wa msuguano na za chuma tupu. Springi huzibana pleti hizo zishikane, na kwa mshikano huo nguvu ya injini hupita kwenda kwenye gia na hatimaye kwenye gurudumu la nyuma. Ukivuta mkono wa klachi, springi hubonyea, pleti huachana, nawe unaweza kubadili gia. Ukiuachia, springi huzibana tena.

Springi ikiwa na nguvu kamili, pleti hazitelezi. Ikipungua nguvu, pleti huanza kuteleza pale zinapodaiwa nguvu nyingi, yaani mlimani, kwenye mzigo na katika gia ya juu. Kuteleza huleta joto, na joto huunguza utando, hugeuza pleti za chuma kuwa za rangi ya buluu na huweza kuzipinda. Joto hilohilo huzidi kuilegeza springi.

Kwa nini springi huchoka

Springi ya klachi haipumziki. Hata pikipiki ikiwa imeegeshwa uani usiku kucha, springi imebanwa. Mchana hubonyezwa mara mamia, huku oili iliyoizunguka ikiwa ya moto. Baada ya miaka, chuma chake hukubali kubanwa na hakirudi tena kwenye urefu wake wa asili. Bandu bandu huisha gogo.

Mtu anaweza kusema kuwa milimita moja si kitu. Tuangalie kwa mfano wa hesabu. Tuseme springi ikiwa huru ina urefu wa milimita 35, na ikifungwa katika klachi hubanwa hadi milimita 25. Nguvu yake inatokana na zile milimita 10 ilizobanwa. Ikichoka ikawa na urefu wa milimita 34, itabanwa milimita 9 tu, na moja ya kumi ya nguvu imekwisha potea. Ikipungua milimita mbili, imepotea moja ya tano. Kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji hutaja urefu wa springi mpya na pia urefu wa mwisho unaoruhusiwa, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni ndogo. Jicho pekee halitoshi kuiona. Kinachotakiwa ni kipimo cha vernia, ambacho kila karakana inapaswa kuwa nacho.

Kabla ya kufungua injini

Injini kunguruma bila mwendo hakumaanishi moja kwa moja kuwa springi zimechoka. Kuna mambo matatu ya kuangalia kwanza, na hakuna hata moja linalohitaji kifuniko kifunguliwe.

Kwanza, hakikisheni kuwa klachi kweli inateleza. Injini ikiwa imepata moto, katika barabara tambarare isiyo na watu wala magari, endesha kwa mwendo wa wastani katika gia ya juu, kisha ongeza mafuta kwa ghafla. Mngurumo ukipanda upesi na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza. Lakini kama tatizo ni gia kuingia kwa shida, au pikipiki kutaka kwenda ukiwa umeshika klachi, hiyo ni klachi isiyoachia. Ugonjwa huo ni tofauti, na springi mpya hazitauponya.

Pili, tazameni uhuru wa mkono wa klachi. Mkono unapaswa kucheza kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa Honda nyingi ndogo, ncha ya mkono hucheza milimita 10 hadi 20. Waya wa klachi ukikazwa mno, ni kama mtu anayeendesha huku amevuta klachi nusu: pleti hazibanwi sawasawa, na hata springi mpya hazitasaidia. Kulegeza waya ni kazi ya dakika chache isiyohitaji kipuri chochote.

Tatu, tazameni oili. Kwa kuwa klachi yetu huoga katika oili ya injini, oili hiyo isiwe laini kupita kiasi kwa pleti. Oili nyingi za magari zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano. Kwenye gari ni jambo jema, lakini kwenye klachi ya pikipiki huleta utelezi. Soma chupa: oili inayofaa klachi ya aina hii huwa na alama ya JASO MA au MA2. Alama ya JASO MB si kwa ajili ya klachi hii. Mara nyingi hutumika katika skuta. Ikiwa ugonjwa ulianza mara baada ya kubadilisha oili, anzia hapo.

Mambo hayo matatu yakiwa sawa na klachi bado inateleza, sasa kifuniko kifunguliwe.

Klachi ikifunguliwa

Siwafundishi mafundi kazi yao. Ninawaeleza wateja waone nini, ili wajue wanacholipia. Fundi mwaminifu hatachukizwa na mteja anayesimama kando na kutazama.

Injini iachwe ipoe, oili imwagwe katika chombo safi na si ardhini, na waya wa klachi ulegezwe. Mkono wa kiki hutolewa, na katika pikipiki nyingine pia kikanyagio au pedeli ya breki. Boliti za kifuniko hazina urefu mmoja. Fundi makini huchora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi na kuichomeka kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikirudishwa kwenye tundu la boliti fupi huweza kupasua injini. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa uangalifu, vipande vyake visidondokee ndani.

Boliti zinazozishika springi zilegezwe kidogo kidogo na kwa kupishana, kama tufungavyo nati za gurudumu la gari. Ikilegezwa moja hadi mwisho ilhali nyingine zimekaza, sahani inayozibana hukaa upande, na nguzo za aluminiamu zinazozishika boliti huweza kukatika. Nguzo ikikatika, kazi ndogo imekuwa kubwa.

Springi zikitoka, huu ndio wakati wa kupima. Zipangwe mbele yenu. Kila moja ipimwe kwa vernia, na vipimo viandikwe kwenye karatasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Linganisheni na kitabu cha pikipiki hiyo. Moja ikiwa chini ya kiwango, badilisheni zote. Springi mpya ikichanganywa na zilizochoka, pleti hazitabanwa kwa usawa, nanyi mtafungua tena baada ya muda mfupi.

Kisha pleti nazo zipimwe, kwa maana halali ya springi isiwe haramu ya pleti. Unene wa utando una kiwango chake cha mwisho katika kitabu kilekile. Pleti za chuma ziwekwe juu ya kioo kuona kama zimepinda, na rangi yake itazamwe. Zikiwa nzima na ndani ya kiwango, hakuna sababu ya kuzitupa. Zikiwa zimeungua, springi mpya peke yake ni fedha iliyopotea. Baba yangu alibadilisha pleti akaacha springi. Wengine hubadilisha springi wakaacha pleti zilizoungua. Yote mawili hutokana na kutopima.

Kufunga tena

Pleti mpya zilowekwe katika oili safi kabla ya kuwekwa. Boliti za springi zikazwe kwa kupishana, hatua kwa hatua, hadi zikae sawasawa, na zisikazwe kwa hasira. Boliti hizi mara nyingi ni za milimita 6, zinazoingia katika aluminiamu, na kiasi cha Nm 10 hadi 12 kwa kawaida huzitosha; kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Gasketi iwe mpya. Oili ipimwe, isikisiwe. Mwisho, waya wa klachi urekebishwe upya, kwa sababu mpangilio wa zamani hauwezi kuaminiwa.

Kabla ya kuondoka, washa pikipiki, shika klachi, ingiza gia ya kwanza na sikiliza. Isiruke wala isitambae. Kisha jaribu mwendo mfupi mahali salama, bila abiria.

Ujanja wa washa

Kuna njia ya mkato ambayo baadhi yenu mnaijua. Fundi huchukua springi zilizochoka, akazitilia washa juu yake ili zibanwe zaidi, na klachi ikashika siku hiyohiyo. Kwa hesabu tuliyoifanya, washa ya milimita moja hurudisha ile milimita iliyopotea. Lakini chuma kilichochoka hakijapona, na kitaendelea kulegea. Washa ikizidi unene, mizunguko ya springi huweza kugusana mkono ukivutwa, klachi isiachie kabisa. Mkono huwa mzito, waya hukatika mapema, na nguzo za boliti huelemewa. Aliyekwama usiku mahali pasipo na duka anaweza kuitumia njia hiyo ili afike nyumbani. Lakini akiuziwa kama matengenezo kamili bila kuelezwa, amedanganywa.

Kununua springi

Honda ilianza kuiuza CG125 katika miaka ya 1970, na muundo wa injini yake umefuatwa na watengenezaji wengi wa China ambao pikipiki zao zimejaa katika barabara zetu. Kutokana na hilo limezaliwa neno la madukani: “Chukua tu, zote zinaingia.” Ni kweli kwamba springi nyingi zitaingia, lakini kuingia si kufaa. Springi ya injini nyingine inaweza kuwa na upana uleule, ikatofautiana kwa urefu au kwa unene wa waya wake, na kwa hiyo kwa nguvu.

Nendeni dukani na springi ya zamani, aina kamili ya pikipiki na ukubwa wa injini. Tazameni pakiti: jina la mtengenezaji na namba ya kipuri zisomeke, maandishi yasiwe na makosa ya kizembe. Toeni springi zote na kuzisimamisha juu ya kioo cha kaunta. Ncha zake ziwe zimesawazishwa ili zisimame wima bila kuyumba, na zote ziwe na kimo kimoja. Zisiwe na kutu. Seti ambayo springi zake zinapishana kwa kimo haifai, hata kama pakiti yake inang’aa. Jaribio hili halithibitishi ubora wa chuma, ila huzikamata mbovu nyingi kabla fedha haijatoka mfukoni.

Haki na wajibu

Kwa mujibu wa sheria zetu za mauzo ya bidhaa, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia bidhaa, akautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe springi.” Sema, “Nipe springi za klachi za pikipiki aina fulani, injini ya ukubwa fulani,” na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya bidhaa au huduma, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa zenye alama za kughushi. Bango la “bidhaa ikiuzwa hairudishwi” halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuuza kipuri bandia.

Risiti ni haki ya mnunuzi na ni wajibu wake kuidai. Bila risiti, malalamiko yenu yanakuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine. Kwa fundi, daini mambo mawili: karatasi yenye vipimo alivyovipima, na vipuri vya zamani mikononi mwenu. Vipuri hivyo ni mali yenu. Vifungeni katika mfuko pamoja na risiti na pakiti. Mkihisi kuwa mmeuziwa bandia, rudini kwanza kwa muuzaji kwa heshima. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani, au Shirika la Viwango Tanzania ikiwa suala ni la ubora wa bidhaa.

Nanyi wauzaji na mafundi, haya hayasemwi dhidi yenu. Mzee yule wa Mombo hakuwa na karakana kubwa. Alikuwa na kipande cha kioo, vernia iliyofifia namba na subira ya kumweleza mteja. Tangu siku ile baba hakupeleka pikipiki yake kwa mtu mwingine, na walimu wenzake wote wenye pikipiki wakamfuata huko.

Ndugu zangu, mwendesha bodaboda anayempakia mgonjwa usiku, au anayelipita lori mlimani, anayaweka maisha ya watu wawili juu ya springi nne. Asikubali kuambiwa kuwa ni nzima, wala kuwa zimekufa, kabla hajaonyeshwa kipimo.

Sasa nitapokea maswali, na aliyekuja na springi zake mfukoni azilete hapa mbele. Kioo na vernia viko mezani.